Kwa Nini Mwinjuma Hachekwi

Mhadhara wa wazi juu ya jina Mwajuma

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Na shikamooni wote mnaostahili shikamoo yangu. Kila mwaka naona mnazidi kupungua.

Nimeombwa nizungumze juu ya majina ya watu. Majina ni bahari, nami nimekuja na kata. Basi jioni hii nitachota jina moja tu, la kike, ambalo sidhani kama yupo humu ukumbini asiye na ndugu, jirani au mwenzake wa darasani aliyepewa. Jina lenyewe ni Mwajuma.

Nimesikia mtu amecheka kule nyuma. Asilaumiwe. Nilipanga kuanza na kamusi, lakini kicheko kimeitangulia, na pengine ndivyo inavyofaa, kwa sababu mhadhara huu hasa unahusu kicheko hicho. Nataka tukitafute kilikotoka. Jina hili halina tusi ndani yake, wala halifanani kwa sauti na kitu cha aibu. Litamkeni polepole: Mwa-ju-ma. Sasa kilichochekesha hapo ni kipi?

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari, niliita majina ya kidato cha kwanza siku ya kwanza ya muhula. Mambo yalikwenda vizuri. Mariamu, yupo. Mohamedi, yupo. Mwajuma. Darasa likaangua kicheko. Dawati la tatu, karibu na dirisha, msichana mmoja alinyanyua mkono nusu, kiwiko hakikubanduka mezani, akasema "nipo" kama mtu anayekiri kosa. Nami, badala ya kulinyamazisha darasa, nikatabasamu. Haukupita mwezi, daftari zake zote zilikuwa zimeandikwa "Jumy" kwa kalamu ya rangi, na herufi ya mwisho ina mkia unaozunguka jalada zima. Tabasamu lile ni deni langu. Leo nimekuja kulipunguza.

SIKU ISIYO NA NAMBA

Tuanze na nusu ya pili ya jina, ambayo ni nyepesi. Juma hapa ni Ijumaa. Neno limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukusanyika, na Kurani ina sura nzima yenye jina hilo, sura ya 62. Hayo mnayajua. Ila tazameni Kiswahili kilivyoitumikisha siku hii. Jumamosi ni juma mosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Hapo hesabu inakatika, inaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili. Ndiyo maana tuna siku mbili za tano zinazolala kitanda kimoja, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na hatujawahi kusikia zikigombana. Kisha inakuja Ijumaa, na hesabu inaanza upya.

Maana yake ni kwamba kwa Mswahili Ijumaa haina namba. Ni kigingi, na siku nyingine zimefungwa kamba hapo. Tena wiki nzima tumeiita kwa jina lake: mtu amekaa Pemba majuma mawili, amerudi juma lililopita. Mtoto aliyepewa jina la siku hii amepewa siku ambayo wenzake wote huhesabiwa kuanzia kwake.

Siku mbili hizi zisizoingia katika hesabu ya Kibantu ndizo zilizotuzalia watu: Hamisi na Mwanahamisi, Juma na Mwajuma. Jumanne yupo, tena wengi, lakini Mwajumatano bado sijaonana naye.

Wala hatuko peke yetu katika kumpa mtoto jina la siku. Waakan wa Ghana wana jina la kila siku, kwa wavulana na kwa wasichana. Msichana wa Ijumaa ni Afua, mvulana ni Kofi. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili 1938, na mkifungua kalenda mtaikuta ni Ijumaa. Wahausa nao wana Danjuma kwa mwanamume na Jummai kwa mwanamke, na hapa naomba msimame kidogo. Kwa Wahausa, mwanamume ndiye aliyeongezewa neno mbele: "dan", yaani mtoto wa kiume. Kwetu mambo ni kinyume. Mwanamume ni Juma, basi. Mwanamke ndiye aliyetanguliziwa neno. Neno hilo ni "mwana", na kwa nini amepewa yeye ndiyo roho ya mhadhara huu. Lakini kabla ya kulifikia, kuna kisa kimoja cha usiku.

USIKU WA KUAMKIA

Binti mmoja alinijia na cheti chake cha kuzaliwa. Ameitafuta tarehe ile kwenye kalenda ya simu, akakuta ni Alhamisi. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nimeonewa mara mbili. Jina lenyewe silipendi, na siku yenyewe kumbe si yangu."

Nikamwambia ampigie bibi yake amuulize. Akapiga hapo hapo, akaiweka simu mezani, spika imefunguliwa.

"Bibi!"

"Abee, mke mwenzangu." Bibi alikuwa amezoea kumtania hivyo.

"Bibi, mimi nilizaliwa siku gani?"

"Ijumaa. Jina lako linasemaje?"

"Cheti kinasema Alhamisi."

"Hicho cheti kilikuwepo? Wewe umetoka watu wanarudi kutoka isha. Usiku wa Ijumaa huo."

Bibi alikuwa sahihi. Siku ya Mswahili huanza jua linapozama. Hata saa yetu inatushuhudia: saa moja ya kwanza ni ya jioni, giza likiingia, na usiku huutangulia mchana wake. Giza linalofuata jua la Alhamisi ni usiku wa Ijumaa, na ndio usiku ambao watu husoma Yasini. Wengine husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", kuwaonea huruma wasiojua. Hospitali hubadilisha tarehe saa sita za usiku. Mkunga akaandika Alhamisi, bibi akatoa jina la Mwajuma, na wote wawili walisema kweli. Fomu ya serikali haina kisanduku cha kuandikia hesabu ya bibi. Jina ndilo lililoitunza.

Lakini si kila Mwajuma amezaliwa Ijumaa. Wapo waliozaliwa Jumatatu mchana kweupe. Hao wamerithi. Mtoto anaadhiniwa sikioni, siku ya saba ananyolewa, anachinjiwa akika, na jina linatajwa mbele ya watu: amepewa la bibi yake, mama wa baba. Tangu hapo jina linaacha kusema Ijumaa, linaanza kusema bibi. Baba mtu hamwiti binti yake Mwajuma. Anamwita "mama", na ukisikia mzee wa miaka hamsini anamwambia mtoto wa miaka minne "mama njoo ule", usidhani amekosea. Mama mtu ana shida kubwa zaidi. Jina la mkwe wake halitamki hovyo, sembuse kulitamka huku ameshika fimbo. Nimemsikia jirani yangu akimgombeza bintiye aliyemwaga uji: "Wewe mkwe wangu, leo utaniua!" Mtoto anachapwa kwa heshima zote. Na bibi, akiwa hai, humwita mjukuu "somo", na mjukuu humjibu somo, na watu wawili waliopishana miaka sitini wanakuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo jina tayari lina maana mbili: ya kamusi, ambayo ni siku, na ya ukoo, ambayo ni mtu. Zote mbili ni za heshima. Kicheko hakijatoka huko. Tuendelee.

MWANA

Sasa nusu ya kwanza. Mwajuma ni Mwanajuma aliyepungua silabi moja njiani. "Mwana" ikawa "mwa". Umbo kamili bado lipo, na ukitembea pwani kutoka Unguja hadi Lamu utawakuta kina Mwanajuma wakiishi na kina Mwajuma mtaa mmoja. (Na "mwa" hii msiichanganye na ile ya Wanyakyusa, ya kina Mwakyusa na Mwandosya. Hiyo ina ukoo wake na mlima wake.)

Ukimuuliza mtu leo maana ya Mwanajuma atakujibu: mwana wa Ijumaa, mtoto wa Ijumaa. Ni jibu zuri, ila lina tundu. Kama "mwana" hapa ni mtoto tu, mbona mvulana wa Ijumaa haitwi Mwanajuma? Yeye si mtoto? Tazameni safu yote: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanaisha, Mwanahawa. Wote wanawake. Neno linalomhusu kila mtoto halingekaa kwa mabinti peke yao.

Jibu liko kaskazini, visiwani Pate na Lamu. Katika Kiswahili cha huko "mwana" lilikuwa zaidi ya mtoto. Lilikuwa neno la kumtangulizia mwanamke mwenye heshima zake, kama leo tunavyosema bibi au mheshimiwa. Katika karne ya 18 dola ya Pate ilitawaliwa na mwanamke, na historia inamkumbuka kwa jina la Mwana Khadija. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa mji ule kabla ya Shehe Mvita. Hakuna anayedhani Mwana Mkisi aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mtoto.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa nyumba moja. Mnamo 1858 mwanamke mgonjwa, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utenzi wa wasia, na baada ya miaka miwili akafariki. Mnamjua: Mwana Kupona binti Mshamu. Mumewe alikuwa mtawala wa Siu aliyepambana na masultani wa Zanzibar, na alijulikana kwa jina la Bwana Mataka. Binti aliyetungiwa ni Mwana Hashima. Yatazameni majina hayo matatu. Baba ni Bwana. Mama ni Mwana. Binti ni Mwana. "Bwana" na "Mwana" yalikuwa maneno pacha, moja la mume na moja la mke, yamekaa pande mbili za mlango mmoja.

Pacha mmoja akasafiri. Bwana tunaye mpaka leo: kwenye barua, kwenye mikutano, hata mtu akishangaa anasema "acha bwana!" Pacha wa pili alibaki kisiwani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na katika Kiswahili hicho mwana ni mtoto. Nafasi ya heshima ikashikwa na bibi. Nami nilipowasalimu jioni hii nilisema "mabibi na mabwana" bila kufikiri. Mzee wa Siu wa wakati wa Mwana Kupona angeniuliza, mwenzake Bwana umemwacha wapi?

Jibu ni kwamba hajapotea. Amejificha ndani ya majina. Kila anapoitwa Mwajuma sokoni, cheo kilekile cha malkia wa Pate kinatamkwa, kimechakaa kidogo, kimebaki silabi moja badala ya mbili, lakini ni chenyewe. Mtoto wa Ijumaa, naam. Na pia Bibi Ijumaa.

MWINJUMA

Mtu anaweza kusema hizo ni hadithi za mwalimu wa lugha, kwamba nimelipamba jina la watu. Basi niwaletee ushahidi wa kiume, nao uko jirani kabisa.

Pwani yetu ilikuwa na cheo kingine, mwinyi. Mwinyi ni mwenye, mwenye mji, mwenye watu. Wazaramo wanakijua, Wadigo wanakijua, na Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu wake, mwenye kasri ya Dunga. Ukikiweka cheo hicho mbele ya Juma unapata Mwinyijuma. Na kama Mwanajuma alivyopungua akawa Mwajuma, Mwinyijuma naye alipungua akawa Mwinjuma. Cheo, siku, na silabi iliyodondoka katikati. Majina haya mawili yameshonwa kwa sindano moja.

Mwinjuma ni barabara Dar es Salaam, upande wa Kinondoni. Mwinjuma Muumin amewachezesha watu dansi miaka na miaka. Na hapa jirani yetu sisi wa Tanga, Muheza, wapiga kura walimchagua mwaka 2020 Hamis Mwinjuma kuwa mbunge wao, ambaye vijana mnamjua zaidi kwa jina la MwanaFA. Mheshimiwa huyu amebeba Alhamisi na Ijumaa katika jina moja, na alipojichagulia jina la sanaa akaanza na "mwana". Sijawahi kusikia jina lake likitajwa mahali watu wakacheka.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kama kicheko kingekuwa kwenye maana, Mwinjuma angechekwa. Kama kingekuwa kwenye sauti, angechekwa, maana sauti ni karibu ileile. Kama kingekuwa kwenye ushamba wa kumpa mtu jina la siku, Juma angekuwa wa kwanza, naye Juma ndiye kipenzi cha vitabu vya sarufi: Juma anacheza mpira, Juma amekula embe, Juma alipigiwa simu na Asha. Mwinjuma hachekwi. Juma hachekwi. Anayechekwa ni mwanamke.

Na si kila mwanamke. Huyu Mwajuma wa utani mnamjua, mtaa umempa hata jina la pili: Mwajuma Ndalandefu. Hayupo, hajazaliwa, hana cheti, lakini kila mtu anaweza kumchora. Kanga mbili, ndala zimeliwa kisigino, sauti ya juu, kaka yake anauza mihogo, yeye mwenyewe kaja mjini kufanya kazi za ndani. Kwenye vichekesho akitakiwa dada wa kazi asiyejua kutumia jokofu, ataitwa Mwajuma. Akitakiwa mke wa ofisa, ataitwa jina jingine. Kwa hiyo tunapolicheka jina tunamcheka mtu: mwanamke wa Kiswahili, maskini, aliyeingia mjini kwa mikono yake. Jina limebebeshwa tu huo mzigo. Nadhani limebebeshwa kwa sababu wanawake wengi walioosha vyombo vya watu, waliouza maandazi alfajiri, waliotulea baadhi yetu tulio humu ndani, waliitwa hivyo kweli.

Hii ndiyo maana ya tatu ya jina, maana ya mtaa. Kamusi haiiandiki, ukoo hauitaki, lakini ndiyo inayomfanya mtoto wa miaka kumi na nne ashindwe kunyanyua kiwiko.

ALIYEPANDA NGAZI ILEILE

Maana ya mtaa ina sifa moja ya kututia moyo: hubadilika. Majina hupanda na kushuka, na tuna mfano ambao nchi nzima inaujua.

Kijijini Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi, alizaliwa mtoto wa kike katika familia ya watu waliotoka utumwani. Wakamwita Mtumwa. Jina hilo halihitaji mhadhara. Linajieleza, tena kwa ukali. Alikua, akawa anatembeza vyungu vya mama yake, akiviuza huku anaimba. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza taarabu na kuimba kwa Kiswahili, na mjini huko akapewa jina jingine: Siti. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki 1950, na aliyeandika wasifu wake ni mzaliwa wa Tanga hii, Shaaban Robert. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, mwishoni mwa miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti. Jina lilikuwa limegeuka bendera.

Siti maana yake nini? Ni Kiarabu: bibi, bibi mkubwa, mwanamke wa heshima. Wamisri walimwita Umm Kulthum hivyo. Wamalei wanawaita binti zao hivyo hadi leo. Sasa kiwekeni cheo hicho kando ya kile tulichokichimbua Pate. Siti ni Mwana. Cheo ambacho Zanzibar ilimvika Mtumwa binti Saad kwa Kiarabu ndicho ambacho kila Mwajuma alishavikwa kwa Kiswahili tangu siku yake ya saba. Mwanamke mmoja alipandishwa kutoka mtumwa hadi bibi, watu wakalinyanyukia jina. Na huku Bibi Ijumaa tukamshusha hadi kuwa dada wa kazi wa vichekesho. Tazameni na mwaka: 1928 Siti yuko Bombay anarekodi, na 1928 hiyohiyo Mombasa inaamua Kiswahili cha kuandika kitakuwa cha wapi. Sisemi jambo moja lilisababisha jingine. Nasema tu kwamba ngazi ni moja, na watu walikuwa wanapishana juu yake.

Alichokuwa nacho Siti ni sauti, na watu waliokubali kuisikiliza. Jina lilifuata baadaye.

KARATASI

Niguse jambo dogo la makaratasi, kwa sababu kila ninapozungumza juu ya jina hili kuna mama atakayenisubiri mlangoni kuniuliza. Binti yake ni Mwanajuma kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwajuma kwenye cheti cha kidato cha nne, na Mwajumaa kwenye kitambulisho cha kupigia kura, kwa kuwa karani alisikia Ijumaa akaona aongeze. Mbele ya dirisha la ofisi hao ni watu watatu. Ataambiwa akaape mbele ya wakili kwamba wote ni yeye, na wakili haapishi mtu bure. Ushauri wangu si wa kitaalamu: siku ya kuandikisha, andikeni wenyewe kwa herufi kubwa, mumkabidhi karani karatasi.

Hata hivyo tahajia nayo inasimulia safari. Jina hili liliondoka pwani na misafara ya karne ya 19, likapita Tabora na Ujiji, likavuka ziwa. Leo yuko Mwajuma wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Ukifika Kindu na Kasongo, mashariki ya Kongo, utamkuta ameandikwa Mwadjuma, na ile d ni ya Kifaransa, ambacho kikiikuta j peke yake huitamka kwa namna yake. Amevaa herufi ya ugenini ili sauti yake ya nyumbani isipotee. Wengi wetu tungefanya kinyume chake.

KUHITIMISHA

Wapo watakaosema: mwalimu, utani ni utani, pwani bila utani si pwani. Nakubali. Mimi mwenyewe natoka kwa watu wanaotaniana hadi msibani. Lakini utani wetu una kanuni. Mtani hukujibu. Mdigo akimtania Msambaa, Msambaa analo la kurudisha, na wote wawili huondoka salama. Huyu Mwajuma wa vichekesho hajapewa mdomo wa kujibu, ndiyo maana utani wake unaenda upande mmoja tu kama maji ya mfereji.

Wala siwaombi wazazi vijana wawape mabinti jina hili kama tambiko. Mpeni mtoto Ilham, mpeni Nasra, mpeni Neema. Kila jina lina mwenyewe. Ninachoomba ni kidogo zaidi. Kwa walimu: mkiita daftari asubuhi na jina hili likafikiwa, msitabasamu. Liiteni kama mnavyomwita Mwinjuma, kisha msubiri jibu. Mimi sikusubiri. Na kwa akina Mwajuma wenyewe: mkifupisha, fupisheni kwa kupenda, si kwa kukimbia. "Mwaju" wa mapenzi simkatai. Ila yule "Jumy" wa rangi niliyemsababisha mimi mwenyewe, bado namuona kwenye jalada, na nikimhesabu herufi zake nagundua alichokifuta. Hakuifuta Ijumaa. Aliifuta "mwa". Alikata cheo, akabakiza siku.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tunaingia kwenye maswali, na nina sharti moja: kila atakayesimama ataje jina lake kwanza, lote, kwa sauti inayofika kule nyuma kilikotoka kicheko. Naona mkono pale, safu ya tano, kiwiko juu. Karibu, mama. Taja jina.